Uvimbe Mwekundu Karibu na Jicho la Mtoto



Kuna neno moja linalosemwa sana mbele ya mama aliyeleta mtoto mchanga mwenye uvimbe mwekundu usoni: "Itaisha yenyewe." Sisi wafinalisti wa Biochimie tumezungumza mengi juu ya neno hilo tangu likizo ya Noeli, darasani na hata kwenye foleni ya chakula. Tumeona ya kuwa ni neno la kweli, na tena ni neno linaloweza kumpotezea mtoto jicho. Namna gani neno moja liwe na pande mbili hivi? Ndilo tunalotaka kueleza, na tunaomba wadogo wetu wa madarasa ya chini wasiogope majina magumu. Tutayapita moja moja.

Tulikusudia kuweka picha, lakini mashine yetu haijui rangi nyekundu. Kila kitu kinatoka cheusi, na uso wa mtoto ungetoka kama kipande cha makaa. Basi maneno yatafanya kazi ya picha.

Kwanza kitu chenyewe. Mishipa yetu ya damu imetandikwa kwa ndani na seli nyembamba sana, kama vile ukuta uliopakwa chokaa. Kwa watoto fulani seli hizo, kisha kuzaliwa, zinaanza kuzaana bila mpango, na zinafanya uvimbe uliojaa vijishipa vidogo vya damu. Madaktari wanauita hemanjioma ya watoto wachanga. Huo si ugonjwa wa nadra. Katika inchi ambako walihesabu, unaonekana kwa watoto 4 ao 5 hivi juu ya 100, wasichana kupita wavulana, na zaidi kwa wale waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Siku ya kuzaliwa mara nyingi hakuna kitu, ao kuna doa dogo lililofifia tu. Wiki mbili tatu zikipita, doa linakuwa jekundu, linainuka, linaanza kukimbia. Linakimbia hasa kati ya wiki ya 5 na ya 8. Mtoto akifika miezi 3, uvimbe kwa kawaida umekwisha kufika sehemu 80 juu ya 100 ya ukubwa wake wote. Baadaye unasimama, kisha unalegea na kukauka polepole, kwa miaka. Mwishoni inabaki ngozi iliyolegea kidogo, ao hakuna alama hata moja.

Ndiyo maana mganga akisema itaisha yenyewe, hasemi uongo. Ikiwa ni mgongoni ao kwenye paja, mara nyingi hakuna sababu ya mama kukosa usingizi. Lakini kope la jicho si mgongo.

Yuko mwenzetu mmoja katika darasa letu. Ametupa ruhusa ya kuandika habari yake bila jina, na alisoma karatasi hii kabla ya kupigwa mashine. Alipokuwa mchanga, kope lake la kushoto lilivimba hata likafunika mboni yote. Nyumbani walimpeleka kwa waganga, wakaambiwa neno lile lile, wakangoja. Alipokuwa na miaka minne uvimbe ulikuwa umekwisha. Leo ukimtazama usoni hauone kitu. Mwaka uliopita, katika somo la optiki, mwalimu wa fizika alitwambia kila mmoja afunike jicho moja na kusoma herufi alizoandika ubaoni, kubwa juu, ndogo chini. Mwenzetu alifunika jicho la kuume. Alikuwa kwenye benchi la kwanza, na hakuweza kusoma hata ile herufi kubwa ya juu, ambayo ilikuwa ndefu kama kiganja. Darasa lote lilinyamaza. Yeye mwenyewe alijua zamani. Ni sisi tuliokuwa hatujui, hata sisi tuliolala naye chumba kimoja miaka mine. Mpira ukitoka upande wa kushoto anakosa kuupima, na wengine waliwaza ya kuwa ni uzito wa miguu.

Jambo la ajabu ni hili: daktari aliyempima alisema jicho lenyewe ni zima. Konea yake inang'aa, lensi ni safi, retina iko mahali pake. Ni jicho zima ambalo halione. Mwenzetu, ambaye anapenda kuchekesha watu, anasema: "Balisema itaisha. Iliisha kweli. Hakuna mutu aliniongopea."

Ili kufahamu jambo hilo inapashwa kujua ya kuwa mtoto hazaliwe akijua kuona. Jicho linapokea nuru, lakini ubongo ndio unaosoma, na ubongo unajifunza kusoma katika miezi na miaka ya kwanza. Wanasayansi wawili waliofanya kazi Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel, walishona kope la jicho moja la paka wachanga, wakaliacha limefungwa miezi mitatu ya kwanza, kisha wakalifungua. Jicho lilikuwa zima, lakini seli za ubongo karibu zote zilikuwa zinaitikia jicho lile lingine tu. Walipofanya vilevile kwa paka mkubwa, hakukuwa na hasara ya namna hiyo. Basi kuna wakati wa kujifunza, na wakati huo una mlango unaofungwa. Mwaka 1981 walipewa Tuzo la Nobel. Wengine katika darasa letu walisema kazi hiyo ni ya ukali juu ya wanyama. Tulibishana saa nzima na hatukupatana. Lakini kile ambacho sindano na uzi walifanya kwa paka, ndicho uvimbe unachofanya kwa mtoto, na hapo hakuna wa kubisha. Madaktari wanaita hasara hiyo ambliopia.

Na uvimbe una njia ya pili ya kuharibu, yenye hila zaidi, kwani mboni inabaki wazi na watu wanatulia. Uvimbe ukikaa juu ya kope unakandamiza konea kama vile kidole kinachokandamiza chungwa lililoiva. Konea inapoteza umbo lake la duara, na kila picha inafika kwenye retina ikiwa imevutwa upande. Hiyo ndiyo astigmatizma. Ubongo unapokea picha mbili, moja safi na moja chafu, unachagua ile safi, na ile nyingine unaitupa. Kwa hiyo kuuliza tu "jicho linafunguka?" hakutoshi. Sharti mtu atazame kama jicho linaona.

Mtoto wa miezi miwili hawezi kusoma herufi ubaoni. Lakini iko njia rahisi ambayo daktari alituonyesha, na haiombe franga. Funika jicho moja la mtoto kwa kiganja, polepole, wakati anatazama uso wa mama yake. Kisha funika lile lingine. Ikiwa mtoto anatulia unapofunika la kushoto, lakini analia na kusukuma mkono unapofunika la kuume, amekwisha kukwambia ni jicho gani analotumia.

Sasa tuingie katika sehemu iliyotushinda sana tulipoanza kusoma. Si kila uvimbe wa damu karibu na jicho ni ile hemanjioma ya kawaida. Iko mingine ya nadra, na mmoja mmoja unaomba dawa yake. Neno "itaisha yenyewe", likisemwa mbele ya uvimbe usioisha, linakuwa hatari ya namna nyingine kabisa.

Kwa muda mrefu waganga wenyewe walichanganya mambo haya. Kila kitu chekundu kilichotokea kwa ngozi ya mtoto kiliitwa "angioma" na basi. Mwaka 1982, kule Boston, mpasuaji John Mulliken na mwenzake Julie Glowacki walitazama vipande vya nyama chini ya darubini na kuvigawanya makundi mawili. Kundi la kwanza ni uvimbe wa kweli, ambamo seli zinazaana. Kundi la pili si seli zinazozaana, ni mishipa iliyojengwa vibaya tangu tumboni, kama vile mabomba ya maji ambayo fundi aliyaunga bila mpango. Mabomba hayo hayazae mabomba mengine. Yanakua pamoja na mtoto, na hayaishe yenyewe hata mngoje miaka mia. Tofauti hiyo ni rahisi kuitaja, lakini ilibadilisha kazi yote, maana tangu hapo swali la kwanza la daktari si "ni nyekundu namna gani?" Swali la kwanza ni "ilianza siku gani?"

Jibu la mama ndilo linaloongoza, kupita mashine. Kama doa lilikuwapo tangu saa ya kuzaliwa, tambarare, halikimbie, linafuata upande mmoja wa uso hata paji na kope la juu, hiyo si hemanjioma. Ni vijishipa vilivyopanuka, na tangu 2013 inajulikana ya kuwa vinatokana na badiliko katika jeni moja linaloitwa GNAQ, lililotokea mtoto akiwa tumboni. Si kosa la mama, wala hakuna aliyerithi. Mtoto wa namna hiyo sharti apimwe mgandamizo wa jicho, kwani glokoma inaweza kumjia, na pengine ubongo nao umeguswa na kumletea kifafa. Kama jicho linasukumwa mbele wakati mtoto analia, anainama ao anajikaza, kisha linarudi mahali pake akinyamaza, daktari anawaza juu ya mshipa wa vena uliopanuka nyuma ya jicho. Kama uvimbe unapigapiga chini ya kidole kama moyo, huenda arteri imeunganishwa na vena bila vijishipa katikati, na kuukata bila kujua ni kualika mto wa damu. Kama mtoto alikuwa salama, akapata mafua, na asubuhi moja jicho likaamka limetoka nje na kope lina rangi ya zambarao, hiyo mara nyingi ni mishipa ya limfu iliyojengwa vibaya, ambayo vifuko vyake vimejaa damu. Damu hiyo ikizeeka ndani inakuwa ya kahawia, na wapasuaji wanaifananisha na chokoleti.

Iko moja ya nadra sana ambayo jina lake peke yake lilimaliza nusu ya mstari wa daftari letu: hemanjioendotelioma ya namna ya Kaposi. Ngozi inakuwa ngumu, ya zambarao, kama iliyopigwa, na uvimbe unakamata ndani yake plakete, zile chembe zinazofanya damu kuganda. Plakete zikishuka sana, mtoto anaanza kutoka damu. Hatari hiyo ilielezwa mwaka 1940 na madaktari Kasabach na Merritt, na kwa zaidi ya miaka 50 watu waliwaza ya kuwa hemanjioma ya kawaida inaweza kuileta. Mwaka 1997 ndipo ilipoonyeshwa ya kuwa hapana, inatoka kwa ile ya namna ya Kaposi na ndugu yake mmoja. Tunataja habari hiyo kwa kuwa inatupendeza: vitabu vilikuwa vimeandika kitu nusu karne, na watu wakarudi kutazama upya chini ya darubini.

Wakati daktari ana shaka kubwa, anaweza kutosha kipande kidogo na kukipeleka maabara. Mwaka 2000 Paula North na wenzake walionyesha ya kuwa seli za hemanjioma ya kawaida zinabeba protini inayoitwa GLUT1, ambayo seli za kondo la nyuma zinaibeba vilevile, na ambayo haionekane kwa ile ya namna ya Kaposi wala kwa mabomba yaliyojengwa vibaya. Dawa ya rangi inawekwa juu ya kipande, na kinajibu ndiyo ao hapana. Lakini mara nyingi hawafike pale. Ekografia yenye dopla, ambayo inasikia mwendo wa damu, inaonyesha mambo mengi bila kumuumiza mtoto. Mashine ya IRM inaonyesha zaidi nyuma ya jicho, lakini katika inchi yetu mashine hizo ni chache sana na ziko mbali na watu wengi. Kwa hiyo huku kwetu kidole, sikio na swali la "ilianza lini" vina kazi kubwa kuliko Ulaya.

Na macho yenyewe? Hapa tuna neno letu. Vitabu tulivyopata vinafundisha ya kuwa hemanjioma inafanana na frezi, lile tunda jekundu. Picha zote ni za watoto wazungu, na juu ya ngozi nyeupe ni kweli, linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Juu ya ngozi yetu nyeusi wekundu unajificha. Unaweza kuwa wa kahawia, ao wa zambarao, ao weusi uliozidi kidogo weusi wa ngozi, na ule wa ndani sana haubadilishe rangi hata kidogo. Muuguzi aliyejifunza kwa picha zile atatafuta frezi na hataiona. Sisi tunafikiri vitabu vya inchi zetu vingepashwa kuwa na picha za watoto wetu. Mpaka siku hiyo, tumia mgongo wa mkono: hemanjioma inayokua ina joto kupita ngozi iliyo kando. Kandamiza polepole, inapungua kidogo, kisha inajaa tena.

Tena iko mivimbe ambayo si ya damu hata kidogo lakini inajivika nguo yake. Hii ndiyo inayoua. Mtoto wa miaka mitano ao minane, salama jana, na katika siku kumi jicho linasukumwa nje upande mmoja: huenda ni rabdomiosarkoma, saratani ya nyama, na haingoje mtu. Wengi wanapona ikikamatwa mapema. Mboni inayong'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, ao katika picha ya simu: hiyo ni alama ya retinoblastoma, na mtoto apelekwe wiki ile ile. Katika eneo letu la Afrika iko pia limfoma ya Burkitt, ambayo inapenda taya lakini inaingia vilevile katika tundu la jicho. Denis Burkitt alikuwa mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda, jirani zetu, na aliieleza mwaka 1958. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari na wenzake wawili, kilomita 16.000 hivi, akienda hospitali kwa hospitali kuuliza kama wameiona. Burkitt mwenyewe alikuwa na jicho moja tu; lile lingine alilipoteza akiwa mtoto wa miaka 11. Mwenzetu aliposoma habari hiyo aliikata na kuibandika ndani ya mlango wa sanduku lake.

Neno fupi juu ya uvimbe wa kuzaliwa nao katikati ya pua na jicho. Usichomwe kwa sindano, usikatwe kwa wembe. Pengine ni ubongo wenyewe uliopitia tundu la mfupa. Vilevile tumesikia mengi: mama alitazama moto akiwa na mimba, kuna mtu alimtamani mtoto, ipakwe majani ya moto. Majani ya moto juu ya kope la mtoto yanaacha kovu linalofanya kazi ile ile ya uvimbe, na kovu haliishe yenyewe kamwe.

Mnamfahamu mama anayeuza mandazi mbele ya lango letu. Mwezi wa pili alirudi kazini na mtoto mgongoni, msichana wa wiki tisa. Kope lake la kushoto lilikuwa na doa jeusi-jekundu ukingoni, na chini ya nyusi kulikuwa na uvimbe wa kibuluu. Jicho lilikuwa linafunguka nusu. Wengi tulinunua mandazi yetu na kutazama. Mwenzetu ndiye aliyesimama.

"Mama, samahani. Mutoto alizaliwaka na ile kitu?"

"Hapana, mwana wangu. Ilikujaka kisha wiki mbili. Nilifika ku kituo, balinipimia mutoto, balisema itaisha yeye yenyewe. Miye nifanye nini? Nangojea."

"Mama, angalia jicho yangu ya kushoto. Iko muzuri?"

"Iko muzuri."

"Haionake. Kwangu vile vile balisema itaisha."

Yule mama aliweka chini kijiko cha mafuta. Alimtazama jicho, kisha alimshusha mtoto mgongoni akamtazama naye. Hakusema kitu kwa muda. Halafu aliuliza ni franga ngapi.

Tulipeleka shauri kwa Prefe wa Masomo, akatupa ruhusa ya siku moja, watu wawili. Madarasa yalichanga ya usafiri. Hospitali ya mjini ilikuwa na daktari wa macho siku ile, mama mmoja mpole, na tulipomwambia sisi ni wa Biochimie alituruhusu kusimama pembeni tukinyamaza. Aliuliza siku ya kuanza mara tatu, kwa maneno mbalimbali. Alimvua mtoto nguo zote, na sisi tulishangaa: shida si jicho? Alitueleza ya kuwa alikuwa anahesabu. Mtoto mwenye hemanjioma tano ao zaidi ngozini inapashwa atazamwe maini. Ikiwa zimejaa kidevuni na shingoni, atazamwe njia ya kupumua. Ikiwa moja imetandaa upande mkubwa wa uso, atazamwe ubongo, moyo na mishipa mikubwa. Huyu alikuwa na ile moja peke yake. Aligusa, akasikiliza, akamwacha alie na kutazama kama jicho linatoka. Halikutoka. Alifunika jicho la kushoto, mtoto akatulia. Alifunika la kuume, mtoto akapiga kelele. Hapo mama wa mandazi alianza kulia naye, kwani hakuhitaji mtu wa kumtafsiria.

Ule uvimbe wa kibuluu chini ya nyusi ndio uliomtia daktari shaka. Hauna rangi, uko ndani, na unakua haraka: unaweza kuwa hemanjioma ya ndani, unaweza kuwa kitu kibaya zaidi. Alitutuma kwenye ekografia. Tulingoja toka saa tano mpaka saa nane juu ya benchi, na hatukujua la kumwambia yule mama. Mwenzetu alicheza na mtoto. Dopla ilionyesha damu nyingi inayokwenda kwa mbio ndani ya uvimbe wenye mipaka yake, na mfupa wa nyuma ulikuwa mzima. Pamoja na ile tarehe ya wiki mbili, daktari aliridhika: hemanjioma ya kawaida, mahali pabaya.

Dawa yake inajulikana tangu 2008. Kule Bordeaux, Ufaransa, daktari Christine Léauté-Labrèze na wenzake walikuwa na mtoto mwenye hemanjioma puani aliyepewa kortizoni, na moyo wake ukaharibika. Walimpa propranolol juu ya moyo, na kesho yake uvimbe ukabadilika rangi na kuwa laini. Hawakuwa wanautafuta! Waliandika juu ya watoto 11, na mwaka 2015 jaribio kubwa la watoto 460 lilionyesha ya kuwa waliopewa dawa hiyo kwa miezi sita, watoto 60 juu ya 100 uvimbe uliisha ao karibu kuisha, na kwa waliopewa dawa ya uongo ni 4 tu. Propranolol yenyewe ni ya zamani, kazi ya Mskoti James Black, miaka ya 1960. Ni kidonge cha tansiyo ambacho babu zetu wanameza.

Ndiyo maana tunawasihi: msichukue kidonge cha babu na kukivunjia mtoto. Daktari alimpima mtoto moyo na uzito kabla ya kumpa, akaanza na kipimo kidogo, na akamkataza mama kutoa dawa siku ambayo mtoto hanyonye, kwani sukari ya damu inaweza kuanguka hata mtoto akazimia. Mtoto anayepumua kwa filimbi kifuani aiache na kurudishwa mara moja.

Wiki ya kwanza uvimbe ulilegea. Sasa jicho linafunguka karibu lote. Bado kuna kazi ya pili, ngumu kwa yule mama kuliko dawa: kufunika jicho lile zima saa chache kila siku, ili ubongo ulazimishwe kusoma kwa lile lililochelewa. Majirani wanamuuliza kwa nini anafunga jicho zuri na kuacha baya. Mtoto anang'oa kitambaa, mama anakirudisha. Mwenzetu akitoka masomo anapita pale langoni, anakaa juu ya kikapu na kumwonyesha kifuniko cha sufuria kinachong'aa, kushoto, kuume, kushoto.

Kurudi hospitali ni siku ya ine ya wiki ijayo. Mama ameomba mtu wa kukaa na beseni ya mandazi asubuhi ile. Wafinalisti watakaa kwa zamu, wawili wawili, na bei haibadilike.